Mikono Yangu Haina Kosa

Nianze na hili, tusije tukasumbuana mbele ya safari: mimi sikuwahi kuchanganya sahani. Miaka mitano nimezilisha seli zile kila siku ya Mungu, sikukuu, mvua, mgomo wa wafanyakazi, hata siku niliyong'olewa jino, na hakuna siku niliyommiminia huyu lishe ya yule. Kwa hiyo asubuhi ile Bwana Grafu aliposimama mkutanoni akasema, "Tatizo liko kwenye mikono ya fundi," damu ilinichemka mpaka masikioni. Fundi mwenyewe ni mimi. Tulikuwa watatu tu mle chumbani, na hakunitazama.

Bwana Grafu ni jina tulilompa sisi wa chini. Ni daktari wa shahada tatu, alikuja kwetu mwaka jana na kompyuta mbili, na hawezi kukwambia habari za asubuhi bila kukuchorea mstari. Si mtu mbaya. Ila siku ile ningemtafuna na miwani yake.

Ngoja nieleze kazi yetu, maana dada yangu mpaka leo anawaambia watu kwamba mimi nafuga virusi. Sisi tunatafuta tiba ya jeni kwa moyo uliochoka, moyo usioweza tena kusukuma damu. Kila seli ya moyo hupokea ishara. Kalsiamu inaingia, seli inajikunja. Kalsiamu inatolewa, seli inalegea. Kwa wagonjwa wetu kasoro iko kwenye kutoa. Kalsiamu inazagaa ndani kama maji ya mvua sebuleni kwa mtu mwenye ufagio uliokwisha, na ishara inayofuata inakuta nyumba bado imelowa. Profesa ametumia nusu ya maisha yake kutafuta jeni ya kuipa seli ufagio mpya. Jeni hiyo inapakiwa ndani ya kirusi kilichoondolewa madhara, kinaingia kwenye seli, kinashusha mzigo, basi.

Na hizo seli hatumkati mtu moyo kuzipata. Tunachukua damu, tunazirudisha seli zake utotoni, kisha tunazifundisha upya mpaka ziwe za moyo. Baada ya wiki kadhaa zinaanza kudunda zenyewe kwenye sahani. Mara ya kwanza nilipoziona kwenye hadubini nililia, na sioni haya kusema. Ndipo wakaanza kuniita Mama Seli.

Tulikuwa na seli za wagonjwa sita kutoka kliniki ya moyo, Namba Moja mpaka Namba Sita. Na tulikuwa na za mtu mmoja mzima wa afya, wa kuwalinganisha nao. Huyo tulimwita Sifuri.

Sifuri ni mimi. Mradi ulipoanza ilihitajika damu ya watu wazima, na Profesa akauliza, "Nani hapa hana maradhi?" Nikakunja mkono wa gauni kabla hajamaliza. Tulitoa watatu. Za wenzangu wawili zikagoma kukua, zangu zikaota kama magugu. Sheria ya maabara ni kwamba damu ikishapewa namba, jina halitajwi tena. Wale wenzangu walishahamia kwingine, Profesa ana mambo elfu kichwani, na mimi mwenyewe nilishazoea kumsema Sifuri kama mtoto wa jirani. "Sifuri leo mvivu." "Sifuri hajala." Hivyo tu, miaka mitano.

Sasa turudi mkutanoni. Wakaguzi, wale wanaoamua kama dawa itoke kwenye sahani iende kwa binadamu, walikuwa wameyarudisha maombi yetu. Walisema seli za huyu mtu mzima zinatoa kalsiamu polepole, karibu sawa na za wagonjwa. Na zikipewa dawa, nazo zinapata nafuu! Dawa inayomponya asiyeumwa, waliandika, inatutia shaka juu ya vipimo vyenu vyote. Kwa hiyo kazi ya miaka mitano, kila sahani niliyoilisha, ilikuwa inaelekea jalalani.

"Vipimo ni sahihi, nimevirudia," alisema Bwana Grafu. "Kwa hiyo ama seli za Sifuri zilichanganywa na za mgonjwa, ama zinalishwa vibaya. Napendekeza seli apewe mtu mwenye shahada. Mama Seli tumpumzishe, aende kwenye kuosha vyombo."

"Ebo!" nikasema. "Nipumzike, nani kakwambia nimechoka?"

"Mama, si jambo la kibinafsi."

"Mikono ni ya nani? Si yangu? Basi ni la kibinafsi."

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mzee huyu akitaka kukwepa ugomvi hufuta miwani. "Mama Seli," akasema kwa upole, "wewe unapendekeza nini?"

Sikuwa nimepanga chochote. Hasira ndiyo iliyopanga. Nikasema: "Kwenye friza kuna vichupa vya damu ya Sifuri vya siku ya kwanza kabisa, havijaguswa na mtu. Mpe Daktari hapo kimoja. Aanze mwanzo, kwa mikono yake, alishe mwenyewe, apime mwenyewe. Mimi sitasogelea hata mlango wa kabati lake la joto, zinamokua seli. Seli zake zikiwa nzima, nitaosha vyombo na nitamwosha na yeye viatu. Zikiwa goigoi kama zangu, atasimama hapahapa aseme mikono ya Mama Seli haina kosa. Kwa sauti!"

"Itachukua miezi mitatu," alisema Bwana Grafu.

"Kwani una safari?"

Profesa akakohoa kuficha kicheko, akakubali.

Miezi mitatu ile, mwenzangu, nilistarehe. Seli hazijui Jumapili. Ukiruka siku moja tu zinanuna, ukiruka mbili zinakufa. Bwana Grafu, mtu wa kuingia kazini saa tatu na kahawa mkononi, akawa anakuja alfajiri na macho mekundu. Alikonda. Aliunguza mkono kwa ule ubaridi wa friza. Wiki ya tano aliua sahani nne kwa kuzimiminia lishe katikati kwa pipeti, kile kibomba cha kudondoshea, puu, kama anayemwagilia mchicha. Nilimwona kupitia kioo na nikang'ata ulimi. Mapatano ni mapatano. Ila nyumbani nilimsimulia mume wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, tukacheka mpaka akapaliwa na chai.

"Na wewe mbona unahema?" akaniuliza tulipotulia. "Umecheka tu, unahema kama umebeba gunia."

"Unene," nikamwambia. "Na zile ngazi za kazini. Lifti imekufa tangu mwaka juzi."

"Ngazi hazipo hapa, mama watoto."

Nikamwambia anywe chai yake.

Siku ya matokeo tulikaa wote watatu mbele ya skrini. Profesa alikuwa ameficha majina ya sahani zote ili mtu asijipendelee. Mistari ikapanda, ikashuka, mmoja baada ya mwingine, na kalsiamu ya kila sahani ikionekana ikiingia na kutoka. Kisha Profesa akafungua bahasha ya majina. Sahani za Sifuri, zilizokuzwa na Bwana Grafu kwa mikono yake yenye shahada tatu, zilikuwa goigoi vilevile. Zilipopewa dawa zilichangamka vilevile. Mstari wake na mstari wangu ukiiweka pamoja huwezi kupitisha unywele katikati.

Nikapiga meza kofi. "Haya! Simama!"

Akasimama, namheshimu kwa hilo. Akasema kwa sauti, "Mikono ya Mama Seli haina kosa. Naomba radhi." Nikaachia kigelegele mpaka mlinzi akachungulia. Nilikuwa na furaha kama ya mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Bwana Grafu akakaa, akaendelea kuutazama ule mstari. Yeye akili yake haijui kupumzika. "Basi kama mikono ni mizuri," akasema taratibu, "na damu ni ileile ya siku ya kwanza, kilichobaki ni kimoja. Huyo mtoa damu hakuwa mzima. Huyo mtu ana ugonjwa uleule, amezaliwa nao, na huenda hajui. Profesa, ni nani? Lazima atafutwe."

Mimi bado nilikuwa nacheka. Kicheko kilikuwa kinywani, nikamgeukia Profesa, nikamkuta ananitazama. Uso wa mzee ulikuwa umebadilika rangi. Pale ndipo nilipoelewa. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, mikono yangu mizuri, na niliogopa, niliogopa sana.

"Daktari," alisema Profesa, "tupishe kidogo."

Tulipobaki wawili akavuta kiti karibu. "Nisikilize, mama. Jina lako halijaandikwa popote ila kwenye daftari langu. Hakuna anayeweza kukulazimisha. Tunaweza kutafuta mtu mwingine mzima, tukuze seli zake, tuanze kulinganisha upya. Wakaguzi hawatauliza. Wewe kazi yako iko palepale."

"Itachukua muda gani?"

"Mwaka na nusu. Labda miwili."

"Na wale sita?"

Akaanza kufuta miwani. Kati ya wale sita, wawili tulishawazika. Seli zao bado zilikuwa zinadunda kwenye kabati langu la joto, nilizilisha asubuhi ileile, lakini wenyewe wako chini ya ardhi. Namba Nne, mwalimu wa hesabu, alikuwa amefika mahali pa kulala amekaa kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Mwaka na nusu ni neno rahisi sana kwa mtu anayelala chali.

"Na nikipimwa nikakutwa mgonjwa?"

"Basi Sifuri hakuwa mzima, vipimo vyetu vyote vilikuwa sahihi tangu mwanzo, na dawa imefanya kazi kwa mgonjwa wa saba bila sisi kujua. Wakaguzi hawatakuwa na la kusema." Akasita. "Lakini mama, huo ni mwili wako. Nenda nyumbani ufikiri."

"Nifikiri nini, Profesa? Mficha maradhi kifo humuumbua. Na mimi nimegombana miezi mitatu kwamba sahani zangu zinasema kweli. Leo zimesema kweli, halafu nizikane?"

Nikapiga moyo konde, nikashuka ngazi hadi kliniki ya chini siku hiyohiyo. Kushuka si kazi.

Nilitaka wanipige eko, ule mtambo wa kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Mpimaji alikuwa dada mmoja mpole mwenye vidole baridi na jeli baridi zaidi. Akaniambia nilale kwa ubavu wa kushoto, nitazame ukutani. Nikamwambia mimi ukuta nimeshauona, ageuze skrini. Akasema si utaratibu. Nikamwambia dada, mimi nafanya kazi ghorofa ya tatu, miaka mitano natazama mioyo ya watu ikidunda, leo wangu ndio unishinde? Akageuza.

Na nikauona. Mwenzangu, sikuhitaji namba. Ulikuwa unajikunja, halafu unachelewa kulegea, unasitasita, kama mtu anayeamka kwa shida kutoka kwenye kiti. Mdundo ule naujua kuliko sauti za wanangu. Nimekuwa nikiufungulia kabati kila asubuhi na kuuambia, "Sifuri, leo mvivu." Machozi yakaanza kunitoka, yakaingia sikioni kwa vile nilikuwa nimelala ubavu, na sikuyafuta.

Mpimaji alipima, akapima tena. "Moyo mzuri unasukuma zaidi ya nusu ya damu iliyomo," akasema, "wako thelathini na tatu kwa mia." Akanishika bega. "Umeishi vipi na hali hii?"

"Kwa ubishi," nikamjibu.

Nyumbani nilimwambia mume wangu nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitashindwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua koleo lake, akaliweka chini, akalichukua tena. "Miaka mitano," akasema. "Unawachungulia watu mioyo miaka mitano, wa kwako hujui. Mganga hajigangi kweli."

"Umeanza."

"Sijaanza. Kesho huendi kazini."

"Thubutu! Kesho ndiyo siku yenyewe."

Akanikumbatia kwa nguvu, mikono yake ikinuka chuma, na sote tulilia. Tulipomaliza akaniuliza swali moja tu: "Hiyo dawa yenu. Na wewe utapewa?"

Sikuwa nimeliuliza hilo. Nilikuwa nimegombania mikono tu.

Kesho yake nikaweka karatasi ya eko mezani, katikati ya Profesa na Bwana Grafu. Bwana Grafu akaisoma, akaona jina langu, akasoma tena. Huyu aliyetaka niende kuosha vyombo alikuwa amemlisha Sifuri miezi mitatu, alfajiri kwa alfajiri, na sasa alikuwa anamtazama Sifuri usoni.

"Mama," akasema, "mimi nilikuwa nikizilalamikia zile seli. Nilizitukana."

"Nilikusikia. Zina ngozi ngumu."

Profesa alikuwa ameshaanza kuandika majibu ya wakaguzi. Akanisomea: Sifuri aondolewe kwenye wazima, aandikwe Namba Saba, mgonjwa. Wazima wengine wataongezwa baadaye, lakini kazi isisimame. Alisema kwa ushahidi ule, kundi la kwanza la wagonjwa lingeweza kuanza kutibiwa baada ya miezi michache, wakiwamo wale wanne waliobaki. Nikamwambia vizuri. Kisha nikamuuliza swali la mume wangu.

Kalamu ikasimama. Hakugusa miwani mara hii. "Haiwezekani," akasema. "Sheria iko wazi. Mfanyakazi wa mradi haruhusiwi kutibiwa kwenye mradi. Ni kwa kuwalinda ninyi, msijione mmeshinikizwa na wakubwa wenu. Labda baadaye, dawa ikishapitishwa kwa wote."

"Lini?"

"Miaka mitano. Sita."

"Profesa, wewe ndiye mtaalamu. Thelathini na tatu kwa mia itanivusha miaka sita?"

Akaikunja karatasi ya eko, akanirudishia.

Nilitazama ule mlango wa kioo, kabati langu la joto nyuma yake, taa yake ya kijani. Nilikuwa nimepigana miezi mitatu nisitolewe mle ndani. Nilikuwa nimepigana na mtu wa shahada tatu nikamshinda, nikasimamishiwa mtu akaniomba radhi kwa sauti. Iliniuma, nisikudanganye. Iliniuma kuliko karatasi ile ya eko.

Nikatoa kadi ya mlangoni shingoni, nikaiweka juu ya meza.

"Basi andika na barua nyingine," nikamwambia. "Kwamba kuanzia leo mimi si mfanyakazi."

"Mama Seli, usifanye mambo kwa hasira."

"Mambo yangu yote mazuri nimeyafanya kwa hasira."

"Hata ukiacha, si lazima uchaguliwe. Kuna kamati. Kuna muda wa kusubiri. Na dawa yenyewe," akainua mikono, "mama, unajua vizuri kuliko mtu yeyote. Sahani ni sahani. Hatujui itafanya nini ndani ya kifua cha mtu."

"Najua. Nitapanga foleni kama wenzangu. Kamati ikinikataa nitairudia, na ikinikataa tena nitawapelekea mume wangu na koleo lake."

Bwana Grafu akawa amesimama. "Nani atazilisha?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa kweli.

"Wewe. Kwani shahada zako za nini?" Nikamvuta mkono mpaka kwenye kioo. "Usiwamwagie katikati. Gusisha pipeti ukutani mwa sahani, acha lishe iteremke yenyewe. Namba Mbili anapenda kulishwa wa kwanza. Namba Tano hataki kelele, usipige mlango. Na Jumapili ni siku kama nyingine."

Alikuwa anaandika. Kwa kalamu, kwenye kiganja, kwa kukosa karatasi.

Profesa alinisindikiza mpaka juu ya ngazi. Tukasimama pale kwa sababu mimi nilihitaji kupumzika kabla hata ya kushuka. "Huogopi?" akaniuliza.

"Naogopa sana. Lakini Profesa, wewe unasema hatujui. Wale wanne hawajui. Wao wameambiwa tu na madaktari kwamba labda. Mimi nilikaa kwenye kile kiti cha hadubini, nikamtia Sifuri dawa kwa mkono wangu, na siku ya nne nikaona anajikunja na kulegea bila kusita. Nimerudia mara arobaini na moja, ziko kwenye daftari. Mara zote arobaini na moja moyo wangu ulipona, na mimi ndiye niliyeuona." Nikashika ukuta, nikaanza kushuka. "Sasa aje mtu aniambie hauponi."